Choo Kinachonguruma Usiku: Kisikilize Kabla ya Kumwita Fundi

Huenda ukashangaa daktari kuacha habari za kisukari na shinikizo la damu akaja kukufundisha kazi ya fundi wa mabomba. Nina sababu yangu, nayo ni mtoto wa miezi kumi na minane.

Mama yake, mkazi wa mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi, alimleta kwangu mara tatu katika muda wa miezi miwili. Kila mara ni kuhara. Mara ya kwanza nilimpa pakiti za ORS na tembe za zinki za siku kumi, nikamweleza mama jinsi ya kuzitumia, wakaenda zao. Mara ya pili nilifanya vivyo hivyo na nikamhubiria habari za kuchemsha maji ya kunywa. Akaniambia kwamba anayachemsha kila siku, na sikuona sababu ya kutomwamini. Mara ya tatu, kabla sijashika kalamu, nilimwuliza jambo ambalo sisi madaktari hatulizoei.

"Mama, choo chenu cha nyumbani kikoje?"

Akacheka kwa haya. "Hicho choo, daktari, ni balaa. Usiku kucha kinapiga mluzi, na asubuhi ukivuta hakivuti. Tumekizoea. Sisi humwaga maji kwa kata."

"Kata gani?"

Hapo akanyamaza. Ilikuwa kata moja tu ya plastiki, iliyoning'inizwa kwenye pipa la maji ukumbini. Ndiyo ya kuchotea maji ya kupikia, ndiyo ya kujazia birika, na ndiyo inayopelekwa chooni. Mtoto naye aliipenda sana kuichezea. Maji yalichemshwa kweli, lakini yaliguswa tena na ile ile iliyotoka chooni.

Siwezi kuapa kwamba kila kuhara kwa mtoto yule kulitoka kwenye kata. Mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni. Lakini ukweli ni kwamba choo kisichovuta hulazimisha watu kubuni njia zao, na njia hizo ndizo hupitisha vijidudu kutoka kinyesi hadi kinywani. Homa ya matumbo, kipindupindu, ameba, na virusi vya kuharisha watoto, vyote hupita hapo. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu ulioanza humu nchini Oktoba 2022, ushauri tulioutoa kila siku ulikuwa ni choo, maji na sabuni. Hatukusema lolote juu ya mpira mdogo wa nusu inchi ambao ukichakaa choo hakifanyi kazi.

Nilijua cha kuuliza kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mabomba katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na likizo zangu nyingi za shule niliziishia nikimshikia spana. Yeye alikuwa akitegea choo sikio kama mimi ninavyotega kifua cha mgonjwa.

Kwanza ufahamu chombo chenyewe. Ndani ya tangi la choo mna vitu viwili vikubwa. Upande mmoja kuna vali inayoingiza maji, iliyounganishwa kwa mkono na boya linaloelea. Maji yakipanda, boya hupanda, mkono husukuma kijiti kidogo, nacho hubana washa ya mpira juu ya tundu la maji hadi yafungike. Katikati ya tangi kuna saifoni, yaani bomba lililopinda juu mfano wa mkongojo uliogeuzwa. Ukibonyeza mpini, kipande chembamba cha plastiki kilicho ndani ya saifoni huinua maji hadi yavuke ile pindo, na yakishavuka hujivuta yenyewe mpaka tangi likauke. Vyoo vingine vipya havina saifoni, vina kizibo cha mpira kinachoinuliwa. Ni hayo tu. Hakuna uchawi, na fundi anayekuambia lazima ununue choo kizima kabla hajafunua kifuniko, mwache aende.

Sasa tuje kwenye kelele. Mluzi mwembamba usiokwisha, ambao husikika zaidi usiku, maana yake ni kwamba maji yanaendelea kuingia tangini wakati ambapo yangepaswa kuwa yamefunga. Usiku husikika zaidi kwa sababu nyumba imetulia, na pia kwa sababu majirani hawatumii maji, hivyo nguvu ya maji kwenye bomba huongezeka. Funua kifuniko uangalie. Ikiwa maji yamefika juu na yanamwagikia kwenye bomba la ziada, inua boya kwa mkono taratibu. Mluzi ukikoma, vali ni nzima ila boya limewekwa juu mno. Kama mkono ni wa shaba, upinde chini kidogo; kama ni wa plastiki, utaona skrubu ya kurekebishia. Maji yanafaa kusimama sentimeta mbili na nusu hivi chini ya mdomo wa bomba la ziada. Ukiinua boya na mluzi usikome, washa imechakaa au kuna uchafu tunduni. Kisha lifungue boya ulitikise karibu na sikio. Likilia maji ndani, limetoboka, na boya lililotoboka haliwezi kuelea vizuri hata ulipinde vipi.

Kwetu Kenya uchafu ndio mkosaji wa kwanza, nami ningeanzia hapo. Tunaishi na mgao wa maji. Bomba likikaa kavu siku mbili au tatu kisha maji yarudi kwa kishindo, hubeba kutu na mchanga, na chembe moja tu ikikwama kwenye tundu la vali inatosha kuizuia isifunge, au kulifanya tangi lijae polepole hadi mtu achoke kungoja. Ukiona choo kilikuwa kizima Jumatatu na kimeanza kulia Alhamisi maji yaliporudi, usinunue kitu chochote kwanza.

Funga koki iliyo karibu na tangi. Vuta maji tangi liishe. Chomoa pini inayoshika mkono wa boya, utoe mkono, kisha utoe kile kijiti kinachosukumwa. Mwishoni mwake ndipo ilipo washa. Ikiwa ina alama ya duara iliyozama, igeuze upande wa pili, nayo itakutumikia kwa muda. Bora ununue mpya, kwani bei yake ni ndogo sana. Safisha tundu kwa mswaki wa zamani (utakaoutupa baadaye, tafadhali). Mahali ambapo maji ya kisima yana chokaa nyingi, chovya kijiti kwenye siki nusu saa, magamba yatalainika. Usipake mafuta ya gari wala mafuta ya kujipaka, kwani huulainisha mpira hadi ukaharibika. Kabla ya kurudisha kila kitu, fungua koki kwa sekunde moja, huku umeziba mbele kwa kitambaa, ili uchafu uliobaki utoke.

Kelele ya kunguruma, mfano wa honi ya meli bandarini, inayotokea tangi linapokaribia kujaa, ni jambo tofauti. Maji yanayoingia hufanya mawimbi madogo, boya hurukaruka juu yake, vali hufunga na kufungua kwa haraka, na bomba zima hutetemeka. Baba yangu alikuwa na dawa ya ajabu kwa ugonjwa huu. Alitoboa kikopo kidogo cha plastiki, akakifunga kwa uzi kwenye mkono wa boya kikiwa kimezama majini, na uzito wake ulilituliza boya. Siku hizi kikopo cha maziwa ya mtindi hufanya kazi hiyo hiyo. Njia nyingine ni kuipunguza koki robo ili maji yaingie kwa upole. Na kama ni kishindo kimoja, 'du!', mara tu maji yanapofunga, basi bomba halikufungwa imara ukutani, nalo hupiga ukuta maji yanaposimamishwa ghafla.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau. Vali za boya ziko za maji yenye nguvu nyingi, ambazo tundu lake ni dogo, na za maji yenye nguvu kidogo, zenye tundu kubwa. Ikiwa choo chako kinapata maji moja kwa moja kutoka bomba la barabarani, unahitaji ile ya kwanza. Ikiwa kinapata kutoka tangi la paani, unahitaji ya pili. Ukikosea, choo ama kitajaa kwa saa nzima ama kitapiga kelele na kukataa kufunga. Wengi wetu tuliweka matangi ya paani kwa ajili ya mgao lakini hatukubadilisha vali.

Hapa naomba nizungumze kama daktari hasa. Zamani, ili kupunguza kelele ya kujaa, watengenezaji walitia kibomba kilichoteremka kutoka kwenye vali hadi chini ya maji ya tangi. Kweli kelele ilipungua. Lakini kule Uingereza, ambako vyoo vyetu vingi viliigwa, kibomba kigumu cha namna hiyo kilipigwa marufuku. Sababu ni kwamba maji ya barabarani yakikatika, bomba huweza kufyonza kurudi nyuma. Kibomba kilichozama majini hufyonza maji ya tangi na kuyaingiza kwenye bomba lile lile linalopeleka maji jikoni. Ukikiona katika tangi la kale, kiondoe. Kelele kidogo ni afadhali.

Hatari iyo hiyo, tena kubwa zaidi, imo katika ule mpira wa kujisafishia uliofungwa ukutani kando ya choo. Ni chombo kizuri, na mimi ninacho. Lakini watu huuacha umelala ndani ya bakuli la choo au ndani ya ndoo ya maji machafu, tena koki yake iko wazi. Siku maji yanapokatika, fikiria kinachofyonzwa. Uning'inize juu kila mara, na ufunge koki yake kabla ya kutoka.

Tuje sasa kwa choo kisichoaminika, kile cha kubonyeza mara nne ndipo kivute. Tazama kwanza kama maji yamefika kwenye mstari uliochorwa ndani ya tangi, maana saifoni haivuti ikiwa maji ni pungufu. Watu hutia jiwe au chupa tangini wakitaka kubana matumizi, kisha huvuta mara mbili na kupoteza maji zaidi. Kama maji yametosha, angalia kiungo cha waya kati ya mpini na saifoni, huenda kimekatika au kimelegea. Kikiwa kizima, basi kile kipande chembamba cha plastiki kimepasuka, na kila ukibonyeza maji hupenya badala ya kuinuka. Dalili yake ni kwamba ukibonyeza haraka kwa nguvu kinavuta, ukibonyeza taratibu hakivuti. Mafundi wetu hodari hukata kipande kipya kutoka nailoni ngumu, nacho hufaa. Kazi hii hudai saifoni itolewe, na katika vyoo vingine ni lazima tangi lote lishushwe, kwa hivyo hapo mwite fundi bila aibu. Tangi la kauri likikuponyoka, hasara ni kubwa, na nimeshona vidole vilivyokatwa na vigae vyake.

Kama choo ni cha kizibo na kinajijaza chenyewe kila baada ya dakika kadhaa bila mtu kukigusa, tia rangi ya chakula vijiko viwili ndani ya tangi, usivute, ungoje nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kizibo kinavuja. Usidharau uvujaji huo. Glasi moja tu ya robo lita ikipotea kila dakika, kwa siku ni lita 360, yaani mitungi kumi na minane ya lita ishirini. Kuna mama anayenunua mtungi kwa mkokoteni huku choo chake kikimwaga kumi na minane. Tena zile tembe za klorini zinazotumbukizwa tangini ili maji yanukie, ndizo hukausha mpira wa kizibo hadi ukapasuka.

Kelele ya mwisho ndiyo inayonitia hofu. Ni ile ya kukoroma, 'kulu kulu kulu', inayotoka si tangini bali kwenye bakuli lenyewe, hasa jirani wa juu anapovuta chake au unapomwaga maji ya kuoga. Chini ya bakuli bomba limepindwa ili maji kidogo yabaki daima. Maji hayo ni kifuniko. Wazo la kukipinda kibomba cha choo namna hiyo lilisajiliwa jijini London mwaka wa 1775 na fundi wa saa aitwaye Alexander Cumming, na mpaka leo ndilo linalotutenganisha na hewa ya mtaro. Choo kikikoroma, maana yake bomba la kupumulia lile linalopanda hadi juu ya paa limeziba, aghalabu kwa kiota cha ndege, au bomba la chini limeanza kuziba. Hewa haipati njia, basi huyafyonza yale maji ya kifuniko. Yakiisha, njia iko wazi.

Usidhani ni harufu tu. Mwezi Machi 2003, maradhi ya SARS yalipoingia Hong Kong, zaidi ya watu 300 wa majumba ya ghorofa yaitwayo Amoy Gardens waliambukizwa. Wachunguzi waligundua kwamba vifuniko vya maji kwenye mifereji ya sakafu za bafu vilikuwa vimekauka, na feni za bafuni zilisaidia kuvuta matone machafu kutoka bomba la pamoja hadi ndani ya nyumba. Kwa hivyo, ikiwa una bafu au choo cha wageni kisichotumiwa, mwaga maji kidogo kwenye kila tundu la sakafu kila juma. Haigharimu kitu.

Choo kikikoroma, mwambie mwenye nyumba, na mwambie kwa maandishi. Mpangaji wa chini ndiye hupata kinyesi cha ploti nzima siku bomba litakapoziba kabisa. Nanyi wapangaji, pedi, nepi, vitambaa na mafuta ya kukaangia visiingie chooni. Wala magazeti, likiwemo hili unalolisoma. Lakini usiinue kifuniko cha shimo la maji machafu ukaingia, na usimtume kijana aingie kwa kumpa shilingi mia tano. Mle mna hewa yenye harufu ya yai viza ambayo ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani hewa imesafika, kumbe ndipo anapokaribia kuzimia. Watu wamekufa mashimoni humo, na waliorukia kuwaokoa wakafa nao. Hali kadhalika, usichanganye dawa ya klorini ya kusafishia na tindikali ya kuzibua choo. Moshi unaotoka hapo huchoma mapafu.

Wakati choo kimeharibika na fundi hajafika, weka ndoo na kata ya chooni ya rangi tofauti kabisa, isitoke chooni. Pipa la maji ya kutumia lifunikwe. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliweka samaki wadogo kwenye mabirika ya bafuni ili wale viluwiluwi vya mbu, na walikuwa na akili kuliko sisi tunaoacha mapipa wazi. Homa ya chikungunya iliyoipiga Lamu mwaka wa 2004 na dengi iliyoenea Mombasa mwaka wa 2013 huletwa na mbu anayezaliana kwenye maji yaliyotulia nyumbani, na tangi la choo kibovu lisilo na kifuniko ni makao anayoyapenda. Nawa mikono kwa sabuni ukishatengeneza, na ukishasafisha mtoto. Akiharisha damu, akiwa na macho yaliyozama, akishindwa kunywa au akilegea, usingoje asubuhi.

Yule mama alinunua washa na boya kwa pesa zake baada ya mwenye nyumba kumzungusha majuma mawili. Saifoni ilitengenezwa na fundi wa mtaani kwa muda wa saa moja hivi. Kata mpya, nyekundu, ilinunuliwa ikae chooni kwa dharura. Miezi minne baadaye alinirudia, mtoto ana kikohozi tu na mashavu yamejaa. Nikamwuliza habari za choo.

"Chetu kinavuta mara moja, daktari. Sasa ni cha jirani wa juu ndicho kinacholia."

Nikachukua karatasi, nikamwandikia ampelekee: washa ya nusu inchi, na mswaki wa zamani.